Wakala wa safari Mwanza: tulivyopangiwa likizo ya pwani ya Norwei

Ofisi ya wakala iliyoko katikati ya jiji la Mwanza ndiyo iliyotupangia mimi na mume wangu likizo ya pwani ya Norwei, na kwa upande wa ratiba naisifu bila kusita. Mhudumu alitandaza ramani mezani, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu njia ya meli za pwani ambazo tangu mwaka 1893 zimekuwa zikibeba abiria na mizigo, na ambazo leo hutoka Bergen hadi Kirkenes zikipitia bandari 34. Alitushauri twende Juni, kwa kuwa mwezi huo jua halitui kabisa Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, akasisitiza pia makoti mazuri ya mvua kwa ajili ya Bergen. Alipoeleza kwamba visiwani Lofoten samaki aina ya chewa huanikwa bila chumvi juu ya vichanja vya mbao, kuanzia Februari hadi Mei, tulimwelewa mara moja, sisi tuliozoea dagaa wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba.

Upande wa viza, hata hivyo, huduma ililegea. Hatukuelezwa mapema kwamba bima ya safari sharti ifikie angalau euro 30,000, wala kwamba ada ya euro 90 hairudishwi maombi yakikataliwa; mambo haya mteja anastahili kuyajua kabla hajalipa chochote. Anayekwenda pale aulize hayo siku ya kwanza, na awasilishe maombi mapema, kwani hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari.