Simu Iliyozama Baharini: Tathmini ya Fundi Mmoja wa Mtaa wa Aggrey

Simu yangu aina ya Samsung Galaxy A52 iliniponyoka nilipokuwa nikishuka kwenye pantoni upande wa Kigamboni, ikatumbukia katika maji ya chumvi yasiyofika magotini. Niliiokota haraka, nikaizima na kutoa laini, kisha nikaifukia kwenye mchele usiku kucha. Asubuhi iliwaka, nikaichomeka chaji kwa furaha, na haikuchukua dakika kumi ikazima kabisa.

Fundi niliyeelekezwa ana meza ya kioo kwenye korido ya jengo moja la Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Kabla hajagusa bisibisi aliuliza mambo mawili tu: yalikuwa maji gani, na je, niliichaji? Nilipomjibu alitikisa kichwa, akanieleza kuwa mchele hauyafikii maji yaliyojificha chini ya vifuniko vya bati vya bodi, na kwamba hata maji yakikauka chumvi hubaki, na umeme ukipita kwenye chumvi yenye unyevu hula shaba. Nilijitetea kwamba simu hii iliuzwa kama isiyoingiza maji, akacheka, kwa sababu kiwango chake cha kuzuia maji, IP67, hupimwa kwa maji yasiyo na chumvi, kina cha mita 1 kwa dakika 30, simu ikiwa mpya.

“Ungeisuuza kwa maji ya bomba ikiwa imezimwa, dada, ungenilipa nusu,” aliniambia.

Alilainisha gundi kwa hewa ya moto, akafungua mgongo na kunionyesha kijistika cha kutambua maji, kilichopaswa kuwa cheupe, kikiwa kimeiva wekundu. Penye tundu la chaji palikuwa na unga wa kijani, kama ule wa sufuria ya shaba iliyosahauliwa nje. Aliichomoa betri kwanza, jambo ambalo fundi wa mtaani kwetu hakuwahi kulifanya, kisha akaisugua bodi kwa mswaki laini na spiriti, akiichungulia kwa hadubini baada ya kila mzunguko. Sistimu ya chaji haikuokoka, akaibadilisha. Betri aliipima, akaniambia niendelee nayo.

Nililipa shilingi 45,000, nikaichukua siku ya pili. Spika bado inakwaruza kidogo sauti ikipandishwa, naye alikuwa amenitahadharisha hilo. Ninachomlaumu ni kwamba hakutoa risiti, dhamana yake ya wiki moja ilikuwa ya mdomo, na hakunieleza mpaka nilipomuuliza kwamba simu ikishafunguliwa haina tena kinga ya maji. Juma lililopita mgongo ulianza kuachia karibu na kitufe cha sauti, nikarudi nikiwa tayari kwa ugomvi, kwa kuwa ile wiki ilikwisha kupita. Aliubandika upya bila kudai chochote.