QGIS kwa ofisi za Tanga: ipunguze kwanza, ndipo umkabidhi karani

Mpimaji wa viwanja Chumbageni, shamba la mkonge upande wa Muheza na mradi wa maji wenye mabomba hadi Pongwe wana shida moja: taarifa nyingi zinazotakiwa kukaa juu ya ramani moja bila kuchanganyika. Kazi hiyo QGIS, programu ya kutengeneza na kuchambua ramani kwenye kompyuta, inaiweza bila wasiwasi. Ni ya bure kabisa, inaendeshwa kwenye Windows, Linux na Mac, na tangu Gary Sherman aianzishe mwaka 2002 imekomaa kiasi cha kutegemewa na ofisi kubwa duniani. Ninachopima hapa ni kioo chenyewe, yaani programu inavyoonekana kwenye kompyuta. Karani anayekaa mbele yake kutwa nzima, kinamsaidia au kinamchosha?

Ikiachwa kama ilivyosakinishwa, kinamchosha. Juu kuna safu kadhaa za vitufe vidogo, vyote vya ukubwa mmoja, kile cha kila dakika kikiwa bega kwa bega na kile cha mara moja kwa mwaka. Dirisha la sifa za tabaka (kundi moja la taarifa juu ya ramani, kama mabomba au viwanja) lina kurasa zaidi ya kumi upande wa kushoto, na rangi ya mstari wa bomba unaweza kuibadilisha humo au kwenye paneli ya mwonekano inayofunguka kwa F7. Tumia F7. Ramani inabadilika papo hapo, na ukiharibu unarudi nyuma hatua kwa hatua.

Kasoro inayoumiza zaidi ni ya kuhifadhi. Kuna alama mbili za disketi. Ya kwanza, ambayo ndiyo Ctrl+S, inahifadhi mradi tu, yaani mpangilio wa matabaka, rangi na maandishi. Ya pili, iliyo karibu na penseli ya kuhariri, ndiyo inayoandika viwanja ulivyochora kwenye faili la data. Mtu akichora asubuhi nzima huku akibonyeza Ctrl+S, kisha umeme ukakatika, mradi utafunguka vizuri na viwanja havitakuwemo. Mfundishe karani abonyeze disketi ya penseli kila amalizapo kiwanja.

Mtego wa pili unafanana na huo. Zana za uchambuzi hutoa tabaka la muda usipotaja faili la kuhifadhia, na alama yake pekee ni kichipu kidogo pembeni ya jina. Ukifunga programu, tabaka hilo limekwenda. Onyo hutolewa wakati wa kufunga, lakini mtu mwenye haraka hubonyeza ndiyo. Ukikiona kichipu hicho, kibonyeze uhifadhi tabaka papo hapo.

Kwenye kuingiza orodha ya pointi za jipiesi (GPS), programu ingeweza kuongoza zaidi. Inauliza safu ya X na safu ya Y, na watu wengi huanza na latitudo kwa sababu ndivyo tunavyozitaja. X ni longitudo. Tanga mjini iko takriban -5.07 kwa latitudo na 39.10 kwa longitudo. Ukizigeuza, pointi zako zinaangukia Hispania. Ukisahau alama ya kutoa, zinatua kusini mwa Ethiopia. Kwa hiyo kabla ya kufuta na kuanza upya, sogeza ramani nyuma uone zimeangukia wapi, kwani mahali penyewe panakueleza kosa.

Kosa gumu kuliko hayo ni lile lisiloonekana kwa haraka. Ramani nyingi za zamani za upimaji zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa vipimo, kanda ya 37 kusini, ambao QGIS inautambua kwa namba 21037. Jipiesi za leo hutumia mfumo mwingine, WGS 84, na kwa kanda hiyo hiyo namba ni 32737. Vipimo vya mita vinafanana sana kwa macho. Ukiiambia QGIS kwamba ramani ya Arc 1960 ni WGS 84, kila kitu kinahama mita 300 hivi kwenda kaskazini na kidogo magharibi, na kiwanja cha ufukweni Raskazone kinaweza kuingia baharini. Namba hiyo inaonekana pembeni kabisa, chini kulia, kwa maandishi madogo, na ni ya mradi. Ya tabaka unaiona ukiweka kishale juu ya jina lake. Kwa jambo zito namna hii, maandishi hayo ni madogo mno.

Sasa sifa yake kubwa, ambayo wengi hawaifungui: fomu za kujazia. Chukua Ngamiani na barabara zake za namba. Sanduku la maandishi likiachwa wazi, barabara moja itaandikwa "Barabara ya 9", "barabara ya tisa", "Bbr 9" na "B/9", na ukitafuta nyumba za barabara hiyo utapata robo yake. Ingia kwenye sifa za tabaka, ukurasa wa fomu, chagua safu ya mtaa na uipe aina ya Value Relation inayosoma kutoka jedwali dogo la mitaa. Karani anachagua, haandiki. Mtaa ukiongezeka unauongeza kwenye jedwali hilo mara moja tu.

Kwenye ukurasa huo huo unaweza kukataza safu kubaki tupu au namba kujirudia. Hapa angalia: kiwanja namba 12 kinaweza kuwepo Kitalu A na Kitalu B, kwa hiyo usikataze kujirudia kwenye namba peke yake. Tengeneza safu inayounganisha kitalu na namba, ndiyo uiwekee katazo. Kisha weka alama ya kulazimisha. Bila hiyo QGIS inaonya tu, halafu inapokea kosa lako. Fomu hii inahamia pia kwenye QField, programu ya simu inayotumia miradi ya QGIS, hivyo anayekwenda kupima Mikanjuni anakuta orodha ile ile.

Msongamano wa ramani unatibika kwa mandhari za ramani, yaani seti za matabaka yanayoonekana pamoja, kwenye alama ya jicho juu ya orodha ya matabaka. Tengeneza moja ya mabomba, moja ya viwanja, moja ya kuchapisha, ubadilishe kwa mbofyo mmoja. Maandishi ya namba za viwanja yawekee kikomo cha kipimo, 1:5,000 kwa mfano, yasijazane mtu anapotazama mji mzima. Na kama picha za setilaiti zinamaliza bando, ondoa tiki ya Render (kuchora ramani) chini kulia unaposogeza ramani.

Halafu punguza. Mtengenezee karani wasifu wake wa mtumiaji, ufiche zana asizohitaji kupitia mipangilio ya kubadili mwonekano. Mbakizie kusogeza, penseli, disketi yake, jedwali la taarifa za tabaka linalofunguka kwa F6 na Ctrl+K ya kutafuta. Ni kazi ya siku moja, na kwangu ofisi isiyo tayari kuifanya isiisakinishe.

Data ziweke kwenye faili la aina ya GeoPackage. Shapefile, aina ya zamani ya faili la data za ramani, inakata majina ya safu kwenye herufi 10, hivyo "jina_la_mmiliki" linabaki "jina_la_mm", na "jina_la_mmea" lingebaki hivyo hivyo kama programu isingelibandika namba mkiani. Faili la mradi halibebi data, hubeba njia ya kuzifikia tu. Ukihamisha kwa flashi, nakili folda nzima. Na mashine zote za ofisi ziwe na toleo moja, lile la msaada wa muda mrefu, maana mradi uliohifadhiwa kwenye toleo jipya unaweza kupoteza mipangilio ukifunguliwa kwenye la zamani.