Ziara ya chakula Antigua Guatemala: "Ni mahindi tu"

Nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa.

Nililipia ziara ya nusu siku, ya miguu, ya kuonja vyakula vya Antigua. Kiongozi alichelewa. Sawa, hata sisi tunachelewa. Tukafika sokoni, karibu na stendi ya yale mabasi yao ya marangirangi yaliyowahi kubeba wanafunzi Marekani. Hapo kuna mama anapiga tortilla, chapati zao za mahindi, kwa viganja, pa, pa, pa, anazitandaza kwenye bamba la moto. Harufu yake si ya unga wa dona ninaoujua. Nikauliza, haya mahindi mnayafanyaje? Kiongozi, macho kwenye simu: "Ni mahindi tu. Kwenu hayapo?"

Yapo! Ndiyo maana nauliza! Mtu niliyelelewa kwa ugali unaniambia "mahindi tu"? Jibu nilikuja kulipata bure kwa mpishi wa hoteli: wanayachemsha na chokaa kwanza, ndipo wanasaga. Chokaa, jamani. Hilo ndilo nililolipia kuambiwa.

Kuanzia hapo sikuona zuri. Magofu ya makanisa yaliyobomolewa na tetemeko la 1773, lile lililowafanya Wahispania wauhame mji na kujenga makao makuu mapya, tuliyapita mbiombio kama tunaswagwa. Kwenye tao la Santa Catalina nimeona migongo ya wapiga picha. Mawe ya barabarani yamenimalizia kiatu. Na pepián, mchuzi mzito wa mbegu za maboga na ufuta, tulipewa vijiko viwili! Ule si mchuzi wa kuonja, ule unakaa chini na sahani ya wali.

Kesho yake nikaenda mwenyewe mpaka nje ya kanisa la La Merced. Mama mmoja anauza rellenitos: ndizi zimechemshwa zikapondwa, ndani maharage meusi ya sukari, halafu zinakaangwa. Maharage ya nazi nayajua, ya sukari nilisita. Nikala matatu. Kihispania changu cha kuokoteza kikamchekesha, akaniongezea la nne, na mlima Agua umetulia pale nyuma kama umechorwa.

Mji nyota 5. Ziara 1. Au tuseme 2, maana bila yule bwana soko nisingelijua.

Hapana. "Kwenu hayapo?" Moja.