Databezi za bure za sayansi ya viumbe: miezi minane yangu, zilizonibeba na pale nilipojichanganya mwenyewe

Wakuu habari zenu. Mi sio mtu wa kompyuta, ni mtu wa wadudu tu, nakusanya mbu nawasaga natoa DNA basi. Miezi minane iliyopita nilikua na sampuli zangu na laptopu yenye betri ya kubahatisha, sina akaunti ya maktaba yoyote ya maana, kila pepa nikibofya naambiwa nilipie kwanza, na kuna tovuti moja sitaitaja ilinidai namba ya kadi eti nijaribu bure, nikaifunga haraka. Nikaamua kila kitu nitafanya kwa vya bure. Nimemaliza na imewezekana, ila nimepoteza muda mwingi kwa ujinga ambao mtu angenistua mapema ningemshukuru, ndo maana naandika.

Tuanze na PubMed maana wote tunaanzia hapo. Iko chini ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, iko wazi bure kwa kila mtu tangu 1997 na saivi ina rekodi zaidi ya milioni 35. Kosa la kwanza, na najua siko peke yangu: nilidhani PubMed inakupa pepa. Haikupi. Inakupa jina la pepa, waandishi na muhtasari, mzigo wenyewe uko kwingine. Mzigo wa bure uko PubMed Central, wanaiita PMC, kitu tofauti kabisa japo majina yanachanganya na wenye nyumba ni walewale, ilianza 2000. Ukiona chini ya rekodi pameandikwa Free PMC article hapo umepata, pepa nzima na picha zake na majedwali yake. Na mle ndani pamejaa kwa sababu ya masharti: tangu 2008 utafiti ukilipiwa na NIH, zile taasisi za taifa za afya za Marekani, lazima pepa yake iwekwe mle, zamani waliruhusiwa kuichelewesha hadi miezi 12, ila kwa pepa zinazokubaliwa kuanzia Julai 2025 hiyo subira hamna tena. Kwa hiyo upande wa kushoto kuna filta ya Free full text, itiki kabla hujaanza kujipa presha.

Kosa la pili ndo linaniuma mpaka leo. Wiki nzima ya kwanza nilikua naweka kila kitu ndani ya alama za nukuu, nikiamini ndo usomi wenyewe, sentensi nzima naifungia nukuu halafu naenta. Yanakuja matokeo matatu. Mara mawili. Nikaanza kujisemea aisee hii mada haijaguswa, mi wa kwanza duniani, nikaanza hata kuandika utangulizi kwa majivuno. Kumbe ukiweka nukuu umeizimia PubMed akili yake. Ukiandika mosquito bila nukuu, yenyewe inakutafsiria kimyakimya, inaenda kwenye orodha yao ya istilahi inayoitwa MeSH, inakuta mbu wote wamewekwa chini ya Culicidae, inasachi hilo na wingi wake pia. Ukifunga nukuu inatafuta herufi ulizoandika wewe hivyohivyo na haisumbuki na kingine. Kuiona kwa macho nenda Advanced, shuka chini kwenye historia ya ulichosachi, kuna kamshale ka Details, kabofye, utaona sentensi yako imekua ndefu kama mkataba wa nyumba. Nilipotoa nukuu na kuweka AND kwa herufi kubwa (ukiandika ndogo haihesabu kama amri) matokeo yakaruka toka matatu hadi mia mbili na ushee, na ule uwakwanza wangu duniani ukafia hapo. Utangulizi nikaufuta.

Pepa ambazo haziko PMC nazipataje? Kuna kitu kinaitwa Unpaywall, unakiweka kwenye brauza, ukifungua pepa pembeni kinakuja kikufuli, kikiwa cha kijani maana yake kuna nakala halali ya bure mahali fulani, labda kwenye hazina ya chuo cha mwandishi, unabofya unapelekwa. Hakijawahi kunikera. Kikiwa cha kijivu nahamia Europe PMC, ambayo inasachi mpaka ndani ya matini ya pepa na sio muhtasari tu, na inachanganya humohumo na pepa za awali za bioRxiv. Hizi za awali zitumie ila kwa macho mawili, maana hazijapita kwa wahakiki, mtu kaandika kapandisha. bioRxiv ipo tangu 2013, ilianzishwa na maabara ya Cold Spring Harbor ya Marekani na tangu 2025 iko chini ya shirika lisilo la faida la openRxiv, ukurasa wa pepa unakuonyesha kama ina toleo jipya, na kama imeshatoka kwenye jarida kunakua na linki ya kukupeleka huko. Mi nilisoma moja toleo la kwanza nikachukua takwimu zake kwenye jedwali, kuja kufungua toleo la tatu jedwali limebadilika. Sikuangalia, kosa langu.

Ikishindikana kote namwandikia mwandishi. Imeli yake iko kwenye rekodi, andika mistari minne, sema unafanya nini na unaomba pepa gani, usimwage historia ya maisha. Niliandika kwa watu kumi na moja, saba wakanijibu, mmoja alinitumia pepa usiku uleule na faili la data ghafi juu yake ambalo wala sikuliomba.

Sasa sehemu yenyewe niliyoipenda. BLAST. Ipo tangu 1990, unabandika sikwensi yako (mfuatano wa herufi za DNA) inakuambia inafanana na nini kati ya zote zilizohifadhiwa. Sampuli yangu moja ya mbu nilikua nimesoma kipande cha jeni ya COI ya mitokondria, kile cha kama bezi 650 (bezi ni herufi moja ya DNA) ambacho watu wa utambuzi wa spishi wote wanakitumia. Nikabandika, nikasubiri (ukurasa unajirifreshi wenyewe, msiubofyebofye), majibu yakaja mstari wa kwanza Wolbachia. Wa pili Wolbachia. Wa tatu, Wolbachia. Sio mbu hata mmoja! Nikahisi nimechanganya mirija, nikaenda kufungua friji, nikakagua lebo zote, ziko sawa. Nikarudi PubMed, safari hii bila nukuu, nikakuta ni jambo linalojulikana: Wolbachia ni bakteria anaeishi ndani ya seli za wadudu wengi sana, na hizi praima za jumla (vipande vifupi vya DNA vinavyodaka jeni unayotaka kusoma) zilizotoka 1994 mara nyingine zinamdaka yeye badala ya mdudu. Yaani nilikua nimesoma jeni ya mpangaji nikamwacha mwenye nyumba. Na faida ya somo hilo ni kwamba sikuhizi siangalii tu asilimia ya kufanana, naangalia pia imefunika kiasi gani cha sikwensi yangu, maana asilimia 99 kwenye kipande cha bezi 80 sio kitu cha kumpelekea msimamizi wako. Ushauri mwingine wa BLAST, pakua matokeo palepale, yanakaa siku moja na kitu halafu yanafutwa, ile namba ya ombi ukiirudia kesho kutwa hupati kitu.

Halafu kuna hili ambalo naona aibu kulisema. Baada ya kurudia sampuli na kupata mbu kweli, nikataka uthibitisho, nikaitafuta spishi ileile kwenye maghala ya sikwensi, GenBank ya Marekani, nikaenda ENA ya kule Uingereza, nikaenda DDBJ ya Japani, kote nikakuta rekodi zilezile zinakubaliana, nikaandika kwenye daftari "databezi tatu zimethibitisha". Msimamizi alicheka mpaka akavua miwani. Hizo tatu zinabadilishana data kila siku, ukipandisha huku inatokea kule. Shahidi ni mmoja kavaa kofia tatu. Na zaidi ya hapo hizo ni maghala, jina la spishi kaliandika aliyepandisha, akikosea mdudu wake basi kosa limehifadhiwa vizuri na lina namba. Kwa hiyo saivi nalinganisha na BOLD pia, wale wa Kanada wa kutambua spishi kwa kipande kifupi cha DNA, rekodi zao nyingi zina picha ya kielelezo (mdudu mwenyewe) na mahali kilipohifadhiwa, ukitaka kubisha una pa kushika.

Upande wa protini nitapita haraka maana sio eneo langu. UniProt ni nzuri na nyepesi hata kwenye simu, ila angalieni kialama: rekodi zilizopitiwa na binadamu ni kama 570,000 tu, hizo wanaziita Swiss-Prot, mamilioni mengine yote kazi ya kompyuta. Nilitafuta P450 za mbu zile zinazovunja dawa, karibu zote zikawa za kompyuta. Umbo la mojawapo nikalipata databezi ya AlphaFold, ile programu inayokadiria maumbo ya protini, ambayo tangu 2022 ina makadirio zaidi ya milioni 200, na rangi zake msizichukulie kama pambo, bluu iliyokoza ina maana modeli inajiamini, ya chungwa ina maana hapo inabahatisha, na mi kwenye bango langu la kwanza la utafiti nilizungushia duara sehemu ya chungwa nikaiita eneo muhimu. Kwenye simu picha ile ya 3D inagandisha kila kitu, tumieni laptopu.

Alama zangu kama mnazitaka: PubMed na PMC kwa pamoja 9 kati ya 10, ile moja naipunguza kwa majina. BLAST 9. Unpaywall 10 maana haina mdomo. AlphaFold sina haki ya kuipa alama.

Mwezi uliopita nikapandisha sikwensi zangu mwenyewe GenBank, nayo ni bure. Ilinikatalia mara mbili ikisema katikati ya jeni kuna kodoni ya kusimama (herufi tatu za DNA zinazoamuru protini iishie hapo), nikaumwa kichwa siku nzima, kumbe nimechagua jedwali la msimbo wa jeni la kawaida badala ya lile la mitokondria ya wasio na uti wa mgongo, na TGA kwenye lile la kawaida ni simama ila kwenye hili ni triptofani, kijenzi cha protini tu. Nikabadilisha ikapita, nikapewa namba zangu. Siku chache baadae, bila kumwambia mtu, nikaingia ENA nikaandika namba ya kwanza. Ipo, na jina langu. Nikaenda DDBJ nako ipo, nikapiga picha ya skrini zote tatu nikamtumia msimamizi, akajibu neno moja tu, kofia.