Tangi la plastiki juu ya Canter: linafaa kwa biashara ya maji?

Tangi jeusi la plastiki la lita 3,000, lile lile linalokaa kwenye mnara nyuma ya nyumba, ndilo wengi wanaloanza nalo biashara ya kuuza maji kwa gari. Halishiki kutu, linapatikana kila mji, na likiwa tupu watu wawili wanalipandisha kwenye bodi. Kwa kazi ya kusimama mahali pamoja halina mpinzani. Juu ya gari ni habari nyingine, na kasoro yake huioni dukani kwa sababu dukani halina maji.

Chukua chupa ya maji, ibakize nusu, ilaze kwenye dashibodi ielekee mbele. Gari likichomoka, maji yanakimbilia nyuma na hewa inakuja mbele. Ukikanyaga breki, mambo yanageuka. Gari likienda mwendo ule ule, hata kilomita 80 kwa saa, maji yanatulia. Kwa hiyo tatizo si kasi, ni kuibadilisha kasi. Breki nzito inayopunguza mwendo kwa mita 4 kwa sekunde, kila sekunde, inaulaza uso wa maji kwa mwinamo wa sentimita 40 kwa kila mita. Tangi la wima lenye kipenyo cha mita 1.5 litapandisha maji sentimita 30 upande wa mbele. Na hapo bado hatujahesabu wimbi linalozidi kipimo hicho, likagonga, likarudi.

Likijaa hadi shingoni, maji hayana pa kwenda, na mzigo unatulia kama saruji. Likiwa nusu, kilo 1,500 zinahama kila ukigusa breki au ukikata kona. Ndiyo maana safari ya kwa mteja wa kwanza ni salama kuliko ya kwa mteja wa pili, ingawa gari limekuwa jepesi. Kanuni za Ulaya za kusafirisha mizigo ya hatari, ADR, zimelikamata jambo hili vizuri: tangi la kimiminika lisilogawanywa katika sehemu za lita 7,500 au chini ya hapo lijazwe asilimia 80 kwenda juu, au lisizidi asilimia 20. Maji ya kunywa hayamo kwenye kanuni hiyo, wala tangi dogo kama hili, lakini yanasukuma vile vile.

Plastiki yenyewe inaanza kuchoka pale koki inapotokea. Bomba la chuma la inchi 2 likining'inia bila kushikiliwa, kila tuta linalitikisa, na ufa unaanzia kwenye tundu. Weka kipande cha mpira laini kati ya koki na pampu, na bomba lishikwe na bodi, si na tangi. Mikanda nayo inadanganya: unaikaza tangi likiwa limejaa na kutuna, ukishusha maji linanywea na mikanda inalegea. Ili mzigo usiende mbele, unatakiwa ushikwe kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, yaani tani 2.4 kwa tangi hili, kwa hiyo usitegemee mikanda peke yake; tangi liegemee fremu ya chuma iliyofungwa kwenye chasi. Mfuniko nao uwe na tundu la hewa, la sivyo pampu italifyonza tangi mpaka libonyee.

Mshindani wake ni tangi la chuma la kulala, lenye tumbo la umbo la yai, la kuchomelewa: urefu mita 2.5, upana 1.4, kimo 1.1, ujazo ule ule. Kwa bati la milimita 3 linafika kilo 330 hivi, na uzito huo unakula mzigo wa gari. Lakini likiwa halina kuta ndani, yaani mabati ya kukatiza wimbi, na limebaki nusu ya maji, ni baya kuliko la plastiki: kwa breki ile ile maji yanapanda sentimita 50 mbele, na wimbi linakwenda na kurudi kwa sekunde 2.3 hivi, kiasi kwamba gari limeshasimama ndipo linasukumwa tena. Weka kuta mbili ndani na kila chumba kinabaki na sentimita 83: maji yanapanda 17 tu, na wimbi linafupika hadi sekunde moja hivi. (Magari ya maziwa mara nyingi hayana kuta hizi kwa sababu ya usafi, dereva wake ndiye anayekuwa ukuta.)

Kwa anayejaza kisimani na kumwaga lita zote 3,000 kwa mteja mmoja, la plastiki linatosha, na akiba ya fedha ni halali. Kwa anayegawa madumu nyumba kwa nyumba kwenye vilima vya Goba au Kimara, Dar es Salaam, achukue la chuma lenye kuta, au matangi matatu ya lita 1,000 yanayomalizwa moja moja.

Kabla ya kumlipa fundi, ingiza kichwa na tochi. Ukuta ufunike angalau asilimia 70 ya tumbo la tangi, uwe umebonyezwa kidogo kama sahani, maana bati bapa linapepesuka na kupasua weldi kingoni. Chini kuwe na tundu la nusu mwezi ili maji yaishe yote, juu pengo la hewa, na katikati nafasi ya mtu kupita akisugua. Na uliza kama bati limewahi kubeba dizeli.