Keytruda: Tathmini ya Dawa Isiyoigusa Saratani

Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa nimekuwa nikimsindikiza mjomba wangu, mgonjwa wa saratani ya mapafu, kutundikiwa pembrolizumab kila baada ya wiki 3, dawa inayouzwa na kampuni ya Merck kwa jina la Keytruda.

Kwa macho haina fahari yoyote. Dozi ya miligramu 200 hutoka katika vichupa 2 vya maji yasiyo na rangi, pengine yenye umanjano wa mbali, ambavyo hutunzwa kwenye jokofu. Huchanganywa katika dripu na kwisha kwa nusu saa. Mjomba, aliyekuwa amejiandaa kwa kichefuchefu na kunyonyoka nywele, siku ya kwanza alitoka akiulizia chai.

Utulivu huo unatokana na namna dawa inavyofanya kazi, kwani yenyewe haiui seli hata moja ya saratani. Seli T, askari wa kinga ya mwili, zina kipokezi kiitwacho PD-1, kilichogunduliwa na Tasuku Honjo na wenzake nchini Japani mwaka 1992, ambacho ni breki ya kuzuia kinga isiuumize mwili inaoulinda. Uvimbe mjanja hujivika protini ya PD-L1, ukaikanyaga breki hiyo, na askari aliyekuja kuua akalegea mlangoni. Keytruda ni kingamwili, yaani protini ya kinga iliyotengenezwa maabara, inayokalia PD-1 ili uvimbe ukose pa kukanyaga.

Kwa hiyo haimfai kila mgonjwa. Upo uvimbe ambao seli T hazijauingia kabisa, na upo unaoacha kuonyesha juu ya seli zake vile vipande vya protini ambavyo kinga huvitumia kuitambua saratani. Huko kuachia breki hakusaidii kitu. Hospitali ya kwanza tuliyokwenda ilitutajia bei kabla ya kupima PD-L1 katika kinyama kilichotolewa pafuni, jambo ambalo hadi leo naliona ni kosa kubwa. Katika utafiti wa wagonjwa 305 wa saratani ya mapafu iliyokwishasambaa, ambao angalau asilimia 50 ya seli za uvimbe wao zilikuwa na PD-L1, asilimia 31.9 ya walioanza na dawa hii walikuwa hai baada ya miaka 5, dhidi ya asilimia 16.3 ya walioanza na kemotherapi.

Nayo breki ikishaachiwa haichagui. Mwezi wa 5 mjomba alianza kuvaa sweta mchana wa jua kali, amechoka, uso umemvimba, nasi tukadhani ugonjwa umezidi. Kumbe kinga ilikuwa imeishambulia tezi ya thairoidi, na sasa humeza kidonge cha homoni kila asubuhi. Wengine huhara au mapafu yao huvimba kwa kushambuliwa na kinga hiyohiyo, mambo yanayotaka steroidi, dawa za kuituliza kinga, upesi, si subira.

Naipa nyota 4 kati ya 5, ile moja nikiikata kwa sababu ya bei. Anayeifikiria adai majibu ya PD-L1 kwa maandishi kabla ya kuuza shamba.