Nikon D750 na flashi ya Godox V860II katika harusi za Unguja

Kazi yangu ni kupiga picha upande wa wanawake katika harusi za Unguja: usiku wa hina, siku ya kupamba, na ile saa ya ndani ambayo wanaume wako msikitini wakifunga ndoa. Kwa misimu minne nimeifanya kwa kamera ya Nikon D750, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, na flashi ya Godox V860II, niliyoinunua mpya. Ninawaandikia wanaotaka kuianza kazi hii, kwa sababu nimeona mara nyingi jinsi mwanagenzi anavyomaliza fedha zake zote kwenye kamera, kisha akaingia katika harusi ya usiku na ile taa ndogo inayochomoza juu ya kamera, ambayo humtoa biharusi akiwa na paji la uso linalong'aa kama sahani na kivuli cheusi ukutani nyuma yake.

D750 ilitoka mwaka 2014, na mrithi wake, D780, alitoka mwaka 2020, kwa hiyo leo hii tunazungumzia kamera ya mkono wa pili. Sensa yake, yaani kile kibao cha ndani kinachonasa picha, ni ya fremu kamili, ukubwa wa kipande cha filamu ya zamani ya milimita 35, na ina megapikseli 24.3, kiasi kinachotosha kwa albamu kubwa na hata kwa picha ya kutundika sebuleni. ISO yake, kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwa kawaida hufika 12,800. Mimi huishia 3,200, na kwa shida sana 6,400, kabla chembechembe hazijaanza kuharibu ngozi ya uso na mistari myembamba ya piko. Kinachonifanya niing'ang'anie, hata hivyo, ni matundu yake mawili ya kadi za SD, ambayo nimeyapanga ili kila picha iandikwe kwenye kadi zote mbili kwa pamoja. Usiku mmoja, baada ya kupamba, kadi moja ilikataa kabisa kusomeka nilipofika nyumbani, na bila ile ya pili ningelazimika kwenda kumweleza mama wa biharusi jambo ambalo hakuna radhi ya kulifuta. Ndiyo sababu simshauri mtu anunue kwa kazi hii Canon EOS 6D Mark II, ambayo ni kamera nzuri ya mwaka 2017 yenye megapikseli 26.2, lakini ina tundu moja tu la kadi.

Nije sasa kwenye flashi, ambako ndiko kazi ilipo. V860II hutumia betri moja ya lithiamu badala ya betri nne za AA, na mtengenezaji anaeleza kwamba chaji moja hutoa miale 650 kwa nguvu kamili na kwamba flashi hujijaza tena ndani ya sekunde 1.5 hivi. Umuhimu wa hesabu hiyo huonekana taarabu inapokolea na kina mama wanaponyanyuka mmoja baada ya mwingine kwenda kutunza, kwa kuwa flashi ya betri za AA zilizochoka hukufanya usubiri, na mwenye kutunza hasubiri.

Kichwa cha flashi hii huinuka na kuzunguka, na hapo nyumba zetu ndizo zinazoamua matokeo. Katika nyumba za Mji Mkongwe kuta nene zilizopakwa chokaa nyeupe ni neema kubwa: ukiielekeza flashi ukutani, pembeni na nyuma kidogo ya bega lako, mwanga humrudia biharusi ukiwa mlaini na mpana kana kwamba ameketi karibu na dirisha. Dari za boriti, kinyume chake, hunywa mwanga, kwa hiyo usiielekeze juu kwa mazoea uliyoyapata katika video za wapiga picha wa Ulaya wenye dari nyeupe za chini. Makuti ya hoteli za ufukweni ni mabaya zaidi, kwa kuwa kile kidogo yanachokirudisha kina rangi ya hudhurungi, na kumbi zilizotandazwa vitambaa vya zambarau darini hulipaka shela zambarau pia. Mahali kama hapo mimi husimamisha flashi ya pili juu ya stendi, Godox TT600, ambayo ni ya bei nafuu, hupangwa kwa mkono, na hufyatuliwa na V860II kwa redio bila kuhitaji kifaa kingine cha kati. Kamera mimi huipanga kwenye ISO 1,600, uwazi wa lenzi wa f/4 na shata, yaani pazia la kamera, ya 1/80 ya sekunde, ili taa za ukumbi nazo zionekane nyuma ya watu badala ya giza tupu.

Mfumo wa TTL, ambao huiwezesha kamera kupima yenyewe mwanga wa flashi kupitia kwenye lenzi, ni msaada wakati watu wanatembea, lakini hauijui harusi. Shela nyeupe ikijaza picha, mfumo hudhani mwanga umezidi na kuupunguza, uso ukatoka mweusi. Wageni wenye mabuibui wakijaza picha, mfumo huongeza mwanga hadi nyuso zikapauka. Kwa shela mimi huongeza mwanga wa flashi kati ya theluthi mbili za hatua na hatua nzima (hatua moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili), na kwa mabuibui hupunguza kiasi kama hicho. Biharusi akishaketi jukwaani na hahami tena, mimi huizima TTL nikapanga mwenyewe.

Kasoro kubwa ya D750 kwa kazi yangu ni sauti. Walii anapoingia chumbani kumwomba biharusi idhini, chumba kizima hunyamaza, na mlio wa kioo kinachoruka ndani ya kamera husikika hadi mlangoni. Ile hali ya ukimya iliyomo kwenye kamera huupunguza tu mlio huo, haiuondoi. Kamera zisizo na kioo, kama Nikon Z6 II ya mwaka 2020, ambayo nayo ina matundu mawili ya kadi, huweza kupiga bila sauti yoyote, ingawa kufanya hivyo chini ya taa za LED huweza kuleta mistari katika picha.

Anayenunua D750 iliyotumika aulize idadi ya picha ilizokwisha kupiga, kwani shata yake ilijaribiwa hadi mara 150,000. Mwaka 2015 Nikon ilitangaza matengenezo ya bure kwa baadhi ya kamera hizi, kwanza kwa mwako usio wa kawaida uliojitokeza ndani ya picha zilizopigwa mbele ya mwanga mkali, kisha kwa shata. Iliyorekebishwa ile kasoro ya kwanza huwa na nukta nyeusi ndani ya tundu la skrubu ya tripodi. Kwenye flashi angalia herufi inayofuata jina: N ni ya Nikon na C ni ya Canon, na muuzaji mwenye haraka hatakukumbusha. Lenzi zihifadhiwe katika kisanduku kikavu chenye vifuko vya silika, kwa sababu unyevu wa pwani huota fangasi ndani ya vioo.

Z6 II naitamani, sikatai. Hata hivyo, fedha yangu ya kwanza ya msimu ujao itakwenda kwenye betri ya akiba ya V860II na stendi nzito zaidi, kwa kuwa hii niliyonayo huangushwa na watoto karibu kila harusi.